Reli ya Dhiraa na Shibiri

Mabela, Maskati
12 Oktoba 2024

Shangazi yangu mpenzi, Bi Kheiria,

Assalaam alaykum, na shikamoo yangu ikufikie kabla ya maneno mengine. Sisi huku wazima, ila joto limekataa kuondoka. Tumeingia mwezi wa kumi na bado ukigusa usukani wa gari mchana unavuta mkono haraka. Aya ameng'oka jino la mbele na siku hizi anacheka na mdomo umefungwa. Mama anakusalimu. Anasema bizari uliyomletea imekwisha na anaona haya kuomba nyingine, basi namuombea mimi. Barua hii inakuja na jirani yangu Balqis, ana harusi huko Unguja. Amenicheka, ati watu wana simu na mimi nahangaika na kalamu. Nikamwambia shangazi yangu simu haisikii, na ujumbe ukipita kwenye simu ya mkamwana wake husomwa kwa sauti mpaka jirani akajua.

Sasa nikwambie lililoniketisha. Ile treni ndogo ya bustanini Khuwair ya Kusini bado inakwenda. Tangu baba atutoke mwaka jana, na mimi nimeingia katika watu wake wa kujitolea. Kila Ijumaa alasiri napandisha watoto na kufunga vijilango vya mabehewa. Bustani inafanyiwa ukarabati, na wakuu wake wametuahidi jiwe la marumaru pale stesheni, liandikwe historia ya treni kwa maneno machache pamoja na jina la mwanzilishi. Wenzangu wamenipa mimi kazi ya kuandika, kwa kuwa ni binti wa Hamood.

Nataka jina la baba likae juu ya jiwe hilo, Shangazi. Ni jambo la mwisho ninaloweza kumfanyia, na sitaki liandikwe nusunusu. Lakini kila ninayemuuliza ana historia yake. Mzee Sleyum, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, anashikilia kwamba wazo lilitoka Tabora alikozaliwa, kwenye treni za kweli. Wengine wanasema Mombasa. Na ukiwauliza habari za siku ya kwanza, wote wanaanza kusimulia siku ya pili.

Wewe ulikuwa ukikaa nyumba moja na sisi wakati ule. Baba alikuwa mtu wa wizara, mtu wa mafaili na mikutano, hata balbu alikuwa haibadilishi mwenyewe. Kilimpata nini akaamka siku moja akajenga treni?

Nakungoja kwa hamu.

Mwanao,
Rawan


Kikwajuni, Unguja
20 Novemba 2024

Mwanangu Rawan,

Marahaba, na salamu zako zimefika. Halwa pia imefika, ila imefika nusu. Balqis anasema ilibanwa ndani ya sanduku. Mimi halwa iliyobanwa naijua na iliyoliwa naijua, lakini mwambie nimemsamehe, harusi zina njaa.

Huku mvua za vuli zimeanza na paa langu linaziruhusu zipite. Goti langu la kushoto limekuwa mtabiri wa hali ya hewa. Mkamwana wangu ananitunza, ila anapenda kunipigia kelele sikioni kana kwamba nimekaa ng'ambo ya mto. Mpe mama yako bizari hii, na mwambie baina yangu na yeye hakuna haya. Aya mwambie acheke, pengo ni pambo la mtoto.

Umeuliza habari za treni. Bibi yako Nunu, mama yetu sisi, alizaliwa Unguja wakati kulikuwa na treni ya kutoka mjini mpaka Bububu. Ndiyo, hapa kisiwani palikuwa na reli. Vijana wa leo ukiwaambia wanadhani umeanza kuchanganyikiwa. Mama aliipanda akiwa mtoto mdogo, amepakatwa na baba yake. Alikuwa akitusimulia kwamba ikipita Malindi ilisugua milango ya watu, na abiria angeweza kunyoosha mkono akachukua mkate dirishani. Moshi ulimchafua nguo ya Idi, akapigwa, na kila akisimulia alicheka pale pa kupigwa. Treni ile ilikufa yeye akiwa bado msichana. Mimi na baba yako hatukuiona, lakini tuliijua kuliko watu walioipanda.

Basi andika hivi: treni ya Khuwair imetokana na kumbukumbu ya treni ya Bububu, na mwanzilishi wake ni Hamood bin Yaarub, Mungu amrehemu. Huyo Sleyum mwambie treni za Tabora ni kubwa, haziingii bustanini. Historia ndefu haikai juu ya jiwe.

Sukari huku imepanda bei, na bwana wa dukani amekuwa na kiburi kama ameumba sukari yeye. Salimia wote.

Shangazi yako,
Kheiria


Mabela
15 Desemba 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Bizari imefika salama na mama ameificha, hata mimi sijui iko wapi. Hali ya hewa imepoa, watu wamerudi bustanini, na Ijumaa iliyopita treni ilijaa mpaka wazee wakawa wanaomba kupakatwa na wajukuu. Aya sasa anacheka, jino jipya limechungulia.

Habari ya treni ya Bububu imenifurahisha sana, nimeisoma mara nyingi. Lakini nilikuuliza baba alianzaje, na wewe ukanipa bei ya sukari.

Sasa sikiliza kilichotokea. Tunaye mhandisi katika kundi letu, anaitwa Fahd. Alitaka kuagiza magurudumu mapya, akapima nafasi baina ya chuma na chuma. Akapima tena. Akaja kwetu na uso wa mtu aliyeibiwa, anasema upana wa reli hii haumo kwenye kitabu chochote, si wa Mwingereza wala wa Mhindi. Mzee Sleyum akacheka mpaka akashika kiuno.

"Kitabu gani, ya akhi?" akamwambia. "Sisi tulipima dhiraa na shibiri. Unaweka kiwiko hapa, unafika kwenye ncha ya kidole, kisha unafungua kiganja, khalas. Halafu magurudumu tukachongesha yaje kwenye mkono."

Fahd akauliza, "Mkono wa nani?"

Mzee Sleyum akaanza kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Mkono wa Hamood," akasema.

Shangazi, wewe unamjua baba. Mikono yake ilikuwa mirefu, watu walikuwa wakimtania kwamba anaweza kufunga viatu bila kuinama. Nilikwenda nyumbani, nikaitoa kabatini kanzu yake ambayo mama hajataka kuitoa sadaka, nikarudi nayo bustanini na kuulaza mkono wake relini, kutoka pale kitambaa kilipokunjika kwa kiwiko. Kiganja hata sijakiongeza, na tayari palibaki nafasi ndogo. Kwa shibiri yake angevuka chuma cha pili na kushika kokoto.

Nikaweka mkono wangu mwenyewe. Kiwiko, kidole, kiganja. Ulikaa barabara, kucha imegusa chuma. Na mama, tangu nina akili, ananiambia kitu kimoja kila akinivisha bangili: mikono umepewa na shangazi yako.

Shangazi, reli hii ulipima wewe?

Barua inakuja na mtu wa ndege ya Jumatatu. Usinipe bei ya sukari.

Rawan


Kikwajuni
19 Januari 2025

Rawan,

Salamu zimefika, na sisi ni wazima.

Nilipima. Nini ajabu? Mimi fundi wa kushona. Nguo za nusu ya Khuwair zimepita kwenye mkono huu, reli nayo ikapita. Ukimwomba fundi akupimie kitambaa hujamfanya kuwa mwenye duka.

Umekwenda ukalaza kanzu ya marehemu juu ya reli mbele za watu. Sikukulea hivyo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na wewe umekwisha shika jembe. Andika jina la baba yako, jiwe lisimame, watoto wapande treni. Wala usende kumuuliza Sleyum, maana yule kinywa chake hakina mlango.

Goti linauma. Mpe mama yako salamu.

Kheiria


Mabela
22 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na kwanza unisamehe. Barua yako ya mwisho ilinichoma, nikajua nimekukera. Nyumbani wazima. Tunajitayarisha kwa Ramadhani, mama amekwisha anza kukunja sambusa za mwezi mzima. Dawa ya goti nimekuwekea ndani ya bahasha ya pili; usimpe jirani.

Uliniambia nisiende kwa Mzee Sleyum. Nilikwenda.

Nilimkuta nyumbani kwake Madinat Sultan Qaboos, amekaa barazani na kipande cha reli anakifanya kizuizi cha mlango. Nikamwambia shangazi amekwisha kubali kwamba mkono ni wake. Alifurahi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Alhamdulillahi," akasema, "maana mimi kusema uwongo nnaweza, ila kuukumbuka ndiyo kazi. Kheiria ndiye aliyetukusanya. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa watu wa Unguja na sisi wa bara, anasema nnataka treni. Sisi tukamcheka. Aliporudi mara ya pili tukaona huyu hana mzaha. Injini tuliitoa kwenye pampu ya maji ya shamba Barka. Vyuma tuliokota penye majengo. Yeye kila alasiri yuko pale na buibui lake limefungwa kiunoni, anaweka mkono chini, sisi tunagonga."

Akanisimulia siku uliyokwenda kupika futari ukawaacha wenyewe. Walikuwa na haraka, naye akasema mkono ni mkono, akaendelea kupima kwa wake. Treni ilipojaribiwa ilikwenda vizuri mpaka pale mkono wako ulipokwisha na wake ulipoanza, ikalala ubavu ndani ya maua. Anasema ulikuja na mwiko bado umeushika, ukatazama, ukaingia tena chini kupima upya. "Tangu siku hiyo," akasema, "alikuwa akipika mapema."

Nilicheka sana, Shangazi. Kisha nikamuuliza, na baba? Baba alikuwa akifanya nini wakati huo?

Kicheko kikamtoka usoni. "Baba yako hakushika nyundo," akaniambia. "Baba yako hakuitaka treni hii hata kuisikia. Muulize Kheiria habari ya mlango. Mimi hapo sisemi, hapo si pangu."

Nimelia ndani ya gari njia nzima mpaka Mabela. Miaka yote nimekua nikiambiwa baba yangu ndiye aliyejenga treni. Shuleni niliandika hivyo. Siku ya maziko yake watu waliokuja walisema hivyo, na mimi nikaitikia. Na kumbe alikuwepo mtu aliyelala chini kwenye jua akapima chuma baada ya chuma kwa mkono wake, na mtu huyo ni wewe, na hakuna hata mmoja anayelitaja jina lako. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini wewe ulikuwapo!

Mchonga jiwe anataka maneno baada ya Idi. Nitakwambia ukweli wangu, unaweza kunikasirikia. Kama baba alichukua kazi yako akaivaa yeye, jina lake sitaliandika. Nitaandika lako peke yake. Nampenda, lakini jiwe haliwezi kusema uwongo kwa sababu ninampenda mtu. Na kama kuna jambo jengine, niambie sasa.

Anayeileta barua hii ni Saeed, mtoto wa khalati wangu, dada yake mama. Nimemuapisha.

Rawan


Kikwajuni
10 Aprili 2025

Mwanangu Rawan,

Idi mubaraka, ingawa imekwisha pita. Saeed wako uliyemuapisha aliisahau barua ndani ya mfuko wa kamera, akafunga Ramadhani nzima hapa Unguja na barua yangu begani, akanikabidhi baada ya Idi huku anajikuna kichwa. Basi ulipokuwa unadhani nimekununia, nilikuwa nafunga na kufuturu sina habari. Dawa nimepaka, goti limenyamaza kidogo. Jirani sikumpa, alikuja mwenyewe akaichukua.

Nimeisoma barua yako peke yangu, mkamwana nimemtuma sokoni. Nilikuwa nimeazimia kufa na jambo hili. Lakini umesema utalifuta jina la kaka yangu, na hilo siwezi kuliacha litokee mimi nikiwa hai. Kwa hiyo nasema, na wewe usome mpaka mwisho kabla ya kumhukumu.

Bibi yako Nunu alipokuwa mtu mzima sana, akili yake ilianza kurudi nyuma. Alisahau Maskati kwanza. Kisha akasahau safari ya kuja, na marehemu baba yetu, na mwisho akabaki na Unguja ya utoto wake. Tulikuwa tunakaa Khuwair, nyumba ya Hamood, wewe ulikuwa ndio kwanza unajua kusema. Kila alasiri, akisikia adhana, mama alivaa buibui, akachukua mkoba wake na kitana na khanga moja ndani, akatoka kwenda stesheni. Anataka treni ya Bububu.

Tulikuwa tunamrudisha kwa maneno mazuri. Siku moja hatukumuona akitoka. Alikutwa pembezoni mwa barabara kuu, magari yanapita mbio, yeye amesimama na mkoba anayanyooshea mkono yasimame. Aliyemrudisha alikuwa mtu wa ofisini kwa Hamood, anayefanya kazi chini yake.

Kaka yangu alifunga mlango. Alitia kitasa kipya, ufunguo akauweka mfukoni mwake akaenda nao kazini. Nitakuwa mwadilifu: alikuwa akiogopa gari limuue mama yake. Lakini alikuwa anaona haya pia, na haya ile mimi niliiona, na ndiyo iliyonikera. Kila alasiri mama alisimama nyuma ya mlango na mkoba, anapiga kwa kiganja, anasema nifungulieni, treni itaniacha. Hakupiga kelele. Alikuwa akiomba kwa adabu, kama anavyoomba mgeni. Na mimi nimekaa ndani pamoja naye, ufunguo sina.

Nilimchukia kaka yangu. Naliandika hili neno kwa mara ya kwanza. Nilimwambia, kama mama anataka treni basi nitamletea treni. Akasema, unamzidisha wazimu, unataka kumdanganya mama yako mzazi kwa mchezo wa watoto, na watu watatucheka. Nikamwambia wacheke. Ndiyo nikaenda kwa Sleyum na wenzake, nikawa natoka kila yeye akirudi kazini na kufungua mlango, na mengine umekwisha ambiwa, hata ule mwiko.

Siku treni ilipokuwa tayari, nilimpigia simu ofisini. Nilimwambia, leo nampandisha mama, niletee ufunguo, au njoo unizuie mbele za watu. Alikuja mwenyewe, akafungua mlango, akatufuata nyuma mpaka bustanini. Alikuwa bado na nguo zake za kazini, kilemba na bakora. Nilijua anakuja kuzuia. Uso wake naujua.

Mama alikuwa amesimama karibu na behewa, na mkoba wake. Hamood akaja moja kwa moja mpaka mbele yake, akafungua mdomo. Mama akamuwahi.

"Dereva huyo amefika," akasema. "Baba, mbona umechelewa? Mimi nna mwanangu Bububu ananingoja. Hamood, jina lake. Utanifikisha?"

Rawan, baba yako alikuwa mtu mrefu. Nilimuona anapungua. Nami nikasema moyoni, sasa atamwambia mimi ndiye Hamood, na mama atachanganyikiwa, na kila kitu kitaharibika.

Akasema, "Nitakufikisha, mama. Panda taratibu."

Akaweka bakora chini, akakaa kwenye kiti cha dereva. Treni hakujua hata inawashwa wapi. Sleyum alimchutamia ubavuni akawa anamuonyesha, hiki vuta, hiki achia, na tukaondoka. Mama alikaa wima, mkoba juu ya magoti, anatazama minazi ya bustani. Tulizunguka tukarudi pale pale tulipopandia. Akashuka, akaangalia huku na huku, akasema, "Bububu imejengwa sana siku hizi." Hakumuulizia tena Hamood. Alimgeukia dereva, akamwambia Mungu akulipe, na kesho uje.

Kesho akaja. Na keshokutwa. Alitoka kazini kila alasiri na nguo zile zile, akamchukua mama mlangoni yeye mwenyewe, mlango u wazi, akamzungusha mpaka Bububu na kumrudisha. Kitasa alikitoa kwa mkono wake, yeye asiyebadilisha balbu. Mwaka uliofuata mama alifariki kitandani. Siku zile za mwisho alikuwa hanijui mimi tena, wala jina la Hamood alikuwa halisemi. Mtu mmoja tu alikuwa akimtambua akiingia chumbani, na alikuwa akimwita Dereva.

Baada ya maziko nilidhani kaka yangu hatoitazama tena treni ile. Ijumaa ya kwanza nikamkuta pale, anafuta mabehewa, watoto wa watu wamempanga mstari. Ndivyo alivyokaa miaka thelathini. Watu wapya walipokuja, wakamkuta yeye, wakauliza wewe ndiye mwanzilishi? Mara ya kwanza alinitazama mimi. Nikamwambia yule mtu, ndiye yeye. Maana angesema si mimi, ni dada yangu, wangeuliza kwa nini dada yako alijenga treni, na swali lile mwisho wake ni mlangoni. Hakuniomba ninyamaze. Nilinyamaza mwenyewe. Na chuki ile sijui ilikwenda wapi, nilipoitafuta sikuiona.

Wewe unasema alivaa kazi yangu. Wahenga wamesema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mimi nilipima na kugonga, nikachoka, mume wangu alipofariki nikarudi kwetu Unguja. Yeye alilea.

Sasa unajua. Neno la kuandika nakuachia wewe, una akili na una kichwa kigumu, vyote vimetoka kwetu. Ila mlango usiuandike. Mlango ni wa ndani ya nyumba.

Shangazi yako,
Kheiria


Mabela
18 Mei 2025

Shangazi yangu, mama yangu,

Shikamoo. Barua hii inakuja na halwa mbili, moja yako na moja ya msafiri, tuone.

Barua yako niliisoma nimekaa jikoni. Nilipomaliza nilimpa mama. Akaisoma, akaikunja, akaniambia, "Mimi nilikuwa mke wake na kitasa kile nilikiona kikitoka. Hukuniuliza mimi." Ni kweli, sikumuuliza. Nilikuwa nawauliza watu wa treni tu, nikamsahau mtu wa nyumba. Tukalia pamoja, kisha akanitolea bizari kutoka mafichoni tukapika.

Nilikuwa na hasira na baba miezi miwili mizima, na yeye hayupo wa kunijibu. Sasa nimekumbuka jambo nililokuwa silitilii maanani. Alikuwa hapandi behewani kamwe. Hata alipochoka, hata goti lilipomuuma kama lako, alikuwa akiletewa kiti akaketi pembeni, lakini abiria hakuwa. Nilidhani ni ukubwa. Namtaka radhi kila sala.

Jiwe limesimama Ijumaa. Fahd alilipima kwa kipimo cha chuma na Mzee Sleyum kwa mkono, wakagombana. Mzee ameudhika kidogo kwamba Tabora haikutajwa. Nilimwambia ametajwa yeye, tena kwa sababu ya maua.

Sikukuomba ruhusa, kwa sababu ningekuomba ungekataa. Nimeandika kwa Kiswahili na kwa Kiarabu. Nimeandika kwamba treni hii ilianzishwa na Kheiria bint Yaarub, akaipima kwa mkono wake, ili mama yake Nunu afike Bububu. Ukitaka kunigombeza nigombeze, jiwe halifutiki. Juzi nilimuona mama mmoja anamsomea bintiye jina lako, kisha wakachutama wote wawili wanapima mikono yao relini.

Mlango sikuuandika.

Jina la baba liko chini ya lako. Mchonga jiwe aliniuliza cheo gani akiweke, maana watu walikuwa wamempa orodha: mkurugenzi wa wizara, mwenyekiti wa wajitoleaji, mlezi. Nikamwambia vyote hivyo aviache. Aweke kile alichopewa na mama yake.

Amechonga hivi: Hamood bin Yaarub, Dereva.

Mwanao,
Rawan